Wakimbizi, vyama na amani ya nchi: jibu kwa msomaji wa Mbagala

"Shikamoo mwalimu. Nina duka dogo la vifaa vya simu Mbagala Rangi Tatu. Wazazi wangu ni Waha wa Kasulu, mimi nimezaliwa hapa hapa Temeke. Uchaguzi ukikaribia, maneno ya kijiweni kwetu ni yale yale: wakimbizi wameingizwa kwenye daftari la wapiga kura, wakimbizi ndio wanaoleta bunduki, chama fulani kinawatetea kwa sababu ni kura zake. Juzi mmoja aliniambia mbele ya wateja kwamba hata mimi ni Mrundi, nisijifanye nina chama. Nyumbani tuna mpangaji, kijana Mkongomani anayeshona nguo. Ni mtaratibu, kodi analipa, lakini karatasi zake sizijui. Naomba unieleze: vyama vinawaonaje hasa wakimbizi, na vinatofautiana? Ni kweli wanahatarisha utulivu wa nchi au tunatishwa tu? Na huyu mpangaji nimfanyeje?"

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza mambo matatu, na nyuma yake nasikia la nne ambalo hukuliandika: je, mimi mwenyewe niko salama katika nchi niliyozaliwa? Nitalifikia. Lakini niondoe kwanza hili la daftari, maana ndilo linalochafua mazungumzo mengi.

Anayepiga kura Tanzania ni raia aliyefikisha miaka 18 na kujiandikisha. Mkimbizi si raia, kwa hiyo hana kura ya kumpa mtu. Kinachowachanganya watu ni Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, wakawekwa Katumba na Mishamo, ambako sasa ni mkoa wa Katavi, na Ulyankulu mkoani Tabora. Takribani watu 162,000 wa kundi hilo, pamoja na watoto wao waliozaliwa huku, walipewa uraia wa Tanzania, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Hao si wakimbizi tena. Wakipanga foleni kituoni Ulyankulu, wana haki ile ile unayokuwa nayo ukipanga foleni Mbagala. Sisemi kwamba hakuna mgeni aliyewahi kupenya kwenye daftari. Mpaka wa Kigoma ni mrefu na ndugu wako pande zote mbili. Lakini kwa hilo sheria imeweka utaratibu wa pingamizi daftari linapobandikwa, na pingamizi huwekwa dhidi ya mtu mmoja kwa jina lake na kwa ushahidi. Hakuna pingamizi la kabila zima.

Sasa vyama. Watu wengi hudhani kila chama kina imani yake kuhusu wakimbizi, kama kilivyo na rangi za bendera. Kwetu haikuwa hivyo. Chama tawala kimewahi kuwatazama wakimbizi kwa macho matatu tofauti kabisa, na kilichobadilisha jicho hilo ni mazingira ya siasa kuliko tabia ya wakimbizi wenyewe.

TANU, chama tawala cha wakati ule, iliwaona kama wenzake katika safari moja. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilianzishwa hapa hapa Dar es Salaam mwezi Juni 1962. Mwaka uliofuata Kamati ya Ukombozi ya OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ikaweka makao yake katika mji huu. Waliokimbia Msumbiji, Afrika Kusini na Rhodesia walipokewa kama watu ambao ushindi wao ungekuwa ulinzi wetu. Na gharama ilikuwepo, tena ya damu: Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu la kifurushi hapa Dar tarehe 3 Februari 1969. Wanaosema ukarimu wa zamani ulikuwa rahisi kwa sababu wakimbizi wa zamani walikuwa wapole, wanasahau hilo. Hatari ilionekana, ikapimwa, ikakubaliwa, kwa sababu chama kilikuwa kimejibu swali la "hawa ni nani kwetu".

Kwa Warundi wa 1972 sababu ilikuwa nyingine. Kulikuwa na mapori makubwa Mpanda na Ulyankulu yaliyohitaji watu. Wakapewa ardhi, wakalima tumbaku na mahindi, na baada ya miaka kadhaa wakawa wanajilisha wenyewe na kuuza ziada. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere akapewa tuzo ya Nansen, inayotolewa kwa waliowatumikia wakimbizi. Tukumbuke pia kwamba uamuzi huo ulifanywa na chama kimoja kisichokuwa na mpinzani. Hakuna aliyeweza kusimama jukwaani Mpanda na kusema, "Nipeni kura, mimi nitawaondoa."

Halafu soma tarehe hizi kwa pamoja. Mwaka 1992 vyama vingi vinaruhusiwa. Oktoba 1993 Rais Ndadaye anauawa Burundi na watu wanamiminika Kigoma na Kagera. Aprili 1994 mauaji ya kimbari yanaanza Rwanda, na kati ya tarehe 28 na 29 ya mwezi huo watu wapatao 250,000 wanavuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24. Machi 1995 serikali inafunga mpaka na Burundi. Oktoba 1995 tunafanya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Yote hayo ndani ya miaka isiyofika minne. Mgombea wa Ngara aliomba kura kwa wakulima waliokuwa wameona miti ikikatwa mpaka mizizi, visima vikikauka, na wageni wakiwa wengi kuliko wenyeji. Mkimbizi hakuwa na kura, mwenyeji alikuwa nayo, na kwa hesabu hiyo sauti za jukwaani zilianza kufanana.

Desemba 1996 Wanyarwanda wakaambiwa warejee kwao kabla ya mwezi kwisha, na jeshi likahakikisha wanaondoka. Sheria mpya ya Wakimbizi ya 1998 ikakaza masharti ya kukaa kambini. Ilani ya CCM ya 2005 ikaweka lengo la nchi isiyo na wakimbizi ifikapo 2010. Lakini chama hicho hicho, chini ya Rais Kikwete aliyeingia madarakani kwa ilani hiyo, ndicho kilichotoa uraia kwa wale 162,000, hatua ambayo nchi nyingi hazijathubutu. Na ni katika awamu hiyo hiyo, mwaka 2013, ndipo ilipoendeshwa Operesheni Kimbunga Kagera, Kigoma na Geita, ambayo iliwagusa mpaka watu waliozeeka hapa wakiamini ni Watanzania. Mwaka 2018 Rais Magufuli akaitoa nchi katika mpango wa kimataifa uliokusudia kuwafungulia wakimbizi nafasi ya kufanya kazi na kuchangamana na wenyeji, kwa hoja ya usalama na kwamba fedha zilizoahidiwa hazikuja. Nieleze wazi ninavyoona: hoja ya fedha ilikuwa na uzito. Dunia imezoea kutusifu kwa ukarimu na kutuachia bili.

Upinzani je? Hapa ndipo kijiwe chako kinapokosea zaidi. Sijaona chama kikubwa cha upinzani Tanzania kilichoomba kura kwa kuahidi kuwafungulia wakimbizi milango. Kigoma upinzani umekuwa na mizizi tangu miaka ya tisini, na wabunge wake wamepaza sauti, ila zaidi kuwatetea wenyeji wanaosumbuliwa kwa kudhaniwa wageni. Ni jambo tofauti kabisa, na wanaochanganya haya mawili mara nyingi hufanya hivyo kwa makusudi. Ulaya mambo yamekwenda vingine. Kule Ujerumani chama cha AfD kilianzishwa mwaka 2013 kwa kupinga sarafu ya euro, kikageukia wakimbizi baada ya wimbi la 2015, na mwaka 2017 kikaingia bungeni kwa asilimia 12.6 ya kura. Sisi hatujawahi kuwa na chama kilichojengwa juu ya hasira hiyo. Tuna wagombea mmoja mmoja wanaoichokoa msimu ukifika, kama huyo aliyekuvunjia heshima dukani.

Tuje kwenye utulivu. Sitakuambia kwamba hofu yote ni ya kubuni. Miaka ya tisini bunduki zilivuka mpaka, na ujambazi wa barabarani Kagera na Kigoma uliua watu. Wakimbizi wenyewe walikuwa miongoni mwa walioumizwa, hasa wanawake waliokwenda porini kutafuta kuni. Swali la kujiuliza ni kwa nini katika nchi moja wimbi la wakimbizi lilileta vita, na katika nchi nyingine, kwa wimbi lile lile, vita havikuja.

Angalia Goma. Mwaka 1994 watu waliotoka Rwanda iliyo ile ile walikwenda magharibi kuingia Zaire, Kongo ya leo, na mashariki kuingia kwetu. Waliokwenda Goma walikuwa wamechanganyika na jeshi lililoshindwa na wanamgambo wa Interahamwe, wengi wakiwa na silaha. Kambi zikajengwa karibu kabisa na mpaka. Wakuu wale wale waliosimamia mauaji ndio waliogawa chakula cha msaada, hivyo ndio waliokuwa na watu mkononi. Serikali ya Mobutu, rais wa Zaire, haikutaka kuwanyang'anya silaha, na wala haikuwa na nguvu hizo. Kambi zikawa ngome za kuishambulia Rwanda, Rwanda ikavuka mpaka mwishoni mwa 1996, na Mei 1997 Mobutu akaanguka. Mashariki ya Kongo bado inalipia mpaka leo.

Ngara nayo ilikuwa na wauaji ndani ya kambi. Katika kambi ya Benaco, Juni 1994, jaribio la kumwondoa kiongozi mmoja mtuhumiwa wa mauaji lilizua vurugu kubwa. Lakini silaha zilidhibitiwa mpakani kwa kiasi ambacho Goma hakikuwepo, polisi wakawekwa kambini, na kambi haikugeuka kuwa kambi ya jeshi. Kwa upande wa Burundi tulikuwa wazembe zaidi: waasi walipita katika makambi ya Kigoma kutafuta vijana na chakula, na mwaka 1997 majeshi yetu na ya Burundi yakarushiana risasi mpakani. Mkataba wa OAU wa 1969 ulishaliona hili mapema. Unazitaka nchi ziwaweke wakimbizi mbali kiasi na mpaka wa nchi walikotoka, kwa sababu za usalama. Kwa hiyo jambo la kwanza linalofanya wakimbizi kuwa hatari ni silaha na makamanda walio ndani yao, pamoja na serikali inayofumba macho. Mama mwenye watoto na ndoo hayumo katika hesabu hiyo.

La pili ni gumu zaidi kulisema kwenye mkutano wa hadhara. Hatari hutengenezwa pia na chama kinachomgeuza mkimbizi kuwa adui wake wa kisiasa. Mfano uko jirani. Watutsi waliokimbia Rwanda tangu 1959 walikaa Uganda zaidi ya miaka ishirini bila njia ya kuwa raia. UPC, chama cha Rais Obote wa Uganda, kiliwahesabu kuwa watu wa wapinzani wake na wa Museveni, aliyekuwa akiipiga vita serikali hiyo msituni. Oktoba 1982 viongozi wa wilaya pamoja na vijana wa chama hicho katika eneo la Ankole waliwavamia watu wenye asili ya Rwanda, wakimbizi na raia bila kuchagua, wakabomoa nyumba na kupora ng'ombe. Maelfu walisukumwa makambini, wengine wakakimbilia Rwanda, nako mpaka ukafungwa. Vijana waliobaki bila nchi upande huu wala ule walikwenda wapi? Wengi waliingia msituni kwa Museveni, ambako Fred Rwigyema na Paul Kagame walikuwepo tangu mwanzo. Mwaka 1986 waliingia Kampala kama washindi. Lakini hata baada ya hapo walizidi kuitwa wageni, na tarehe 1 Oktoba 1990 walivuka mpaka kwenda Rwanda wakiwa jeshi. UPC ilisema inalinda utulivu wa Uganda. Matokeo yake iliongeza askari katika jeshi la msituni lililokuwa likiupiga vita utawala wake, na eneo zima likatikisika.

Sasa linganisha na Ulyankulu. Watu waliokimbia mauaji makubwa, waliokuwa na kila sababu ya kulipiza kisasi, wamekaa zaidi ya miaka hamsini. Walipewa jembe na shule, na baadaye cheti. Hawajaleta vita Tabora. Haikuwa safari laini: awali mpango ulikuwa kuwatawanya katika mikoa mingine kabla ya kupewa vyeti, mikoa ikasita, wakaning'inia kwa miaka bila kujua ni raia au si raia. Mimi naamini miaka hiyo ya kuning'inia ndiyo iliyokuwa ya hatari kuliko zote, na tulivuka kwa bahati na kwa uvumilivu wao.

Kiuchumi picha imechanganyika. Wachumi waliofuatilia kaya za Kagera kabla na baada ya 1994 walikuta wakulima na wafanyabiashara wengi walinufaika, kwa sababu soko la ndizi na maharage lilipanuka na barabara zilijengwa. Kibarua wa shambani ndiye aliyeumia, kwa sababu wageni walikubali ujira mdogo. Mwanasiasa akisema wakimbizi waliharibu uchumi wa mkoa, na mwingine akisema walitajirisha, kila mmoja amekutana na kundi lake la watu na halidanganyi.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wa Dar wengi hawajui. Januari 2001, baada ya maandamano ya chama cha upinzani cha CUF Zanzibar kuzimwa kwa risasi, Watanzania wapatao 2,000 walipanda vyombo kutoka Pemba wakaomba hifadhi Shimoni, Kenya. Tulikuwa wakimbizi, tena wakimbizi wa mgogoro wa vyama. Wengi walirejea nyumbani, vyama vikakaa mezani, na Oktoba mwaka huo CCM na CUF wakatia saini muafaka. Mtu anayesema wakimbizi ni tabia ya Warundi na Wakongomani angeongea na wazee wa Micheweni, kule Pemba.

Kwa hiyo mgombea akija Mbagala akakuambia habari za wakimbizi, usimuulize anawapenda au anawachukia. Muulize anataka kambi ziwe wapi na nani azilinde. Muulize aliyekaa miaka ishirini afanyweje: arudishwe kwa nguvu, aendelee kukaa ndani ya uzio, au apewe njia ya uraia? Kurejea kwa hiari ndiko kunakofaa watu wengi nyumbani kukiwa na amani, na Warundi wengi wamerejea hivyo. Kambi ni rahisi kusimamia, lakini inazalisha vijana wasio na kazi wala matumaini. Uraia unafunga jeraha, ila wenyeji wanaweza kuona wameporwa ardhi wasiposhirikishwa. Kila njia ina mtu wa kuumia. Mgombea asiyekubali hilo hajalifikiria.

Nirudi kwako. Kuitwa Mrundi kwa sababu wewe ni Muha ni dhuluma ya muda mrefu, na inawapata zaidi watu wa Kigoma wanapofuatilia kitambulisho cha NIDA au pasi ya kusafiria, ambako huulizwa maswali ambayo mtu wa Kilimanjaro haulizwi. Kabila halithibitishi uraia wala halikanushi. Linda haki yako kwa karatasi wakati hakuna shida: cheti chako cha kuzaliwa cha RITA, vyeti vya shule, na hasa kumbukumbu za wazazi. Mzee wako akiwa bado na kadi ya TANU, cheti cha ubatizo au stakabadhi za kodi za zamani, zipige nakala na uzihifadhi sehemu mbili. Mkienda Kasulu, pitia ofisi ya kijiji mpate barua ya utambulisho wakati wazee wanaowajua bado wako hai.

Kuhusu mpangaji, usianze na hofu. Mkongomani aliye Dar anaweza kuwa mfanyabiashara mwenye pasi na kibali halali, na Kongo imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Anaweza pia kuwa mkimbizi wa Nyarugusu aliyetoka kambini, na hapo sheria ya 1998 inamtaka awe na kibali cha kuwa nje ya eneo lililotengwa. Kaa naye faragha, jioni kazi ikiisha, umuulize kwa heshima. Kama vibali anavyo, mpeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa aandikwe kama mpangaji mwingine yeyote. Kama hana, au akikuambia alikimbia na anaogopa kurudishwa, hapo msiamue peke yenu na msimfuate kishoka anayejidai ana mtu wake ofisini. Nendeni kwanza kwenye msaada wa kisheria. Hapa Dar wapo, kikiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na huduma hiyo haitozwi. Mwanasheria atawaeleza namna ya kumfikisha Idara ya Huduma kwa Wakimbizi bila kumweka hatarini, kwa sababu mtu anayekimbia kuuawa halindwi na huruma yako tu. Anayo haki kisheria ya kutorudishwa kwenye hatari hiyo.

Na wewe mwenyewe, au mzee wako, mkipata wito wa Uhamiaji, itikieni. Msiukimbie, kwa sababu kukimbia ndiko kunakogeuka ushahidi. Mwone mwanasheria kabla ya siku yenyewe, nenda na ndugu mmoja, peleka nakala na uwaonyeshe asilia bila kuziacha mezani, na usitie saini maelezo yoyote ambayo hujayasoma mpaka mwisho.